Cenchrus ciliaris: Marekani wanaing'oa, huku tunaambiwa tupande. Nishike lipi?

Zizi_la_Kati

Wakuu habari za jioni. Nina eneo huku Dodoma, pori la miiba na udongo mwekundu wenye kichanga, mvua zetu mnazijua, msimu ni mmoja tu kuanzia Desemba hadi Aprili na hapo katikati Februari zinaweza kukata mpaka mtu akakata tamaa. Nataka nifunge sehemu nipande malisho ya kudumu, ng'ombe na mbuzi wasihangaike kiangazi. Bwana mifugo akanishauri Cenchrus ciliaris, ile nyasi ya kishuke chenye manyoya kama mkia wa mbweha, akasema inavumilia ukame na ukiipanda mara moja ikashika umemaliza kazi.

Sasa nikasema ngoja nisome kabla sijatoa hela ya mbegu, ndio nikachanganyikiwa kabisa. Kila ninachofungua ni gugu vamizi, gugu vamizi. Arizona watu wanapanda vilima na mitaimbo kuing'oa, Australia Kusini wameitangaza gugu tangu 2015, jimbo lao la kaskazini nalo likafuata 2024. Halafu nikiangalia picha ni nyasi ile ile iliyopo hapa pembeni ya barabara na sijawahi kusikia mtu anailalamikia zaidi ya zile mbegu kung'ang'ania suruali.

Naombeni wenye uelewa mnisaidie, kwanza thamani yake ya lishe ni ya kweli au ni sifa tu za wauza mbegu, pili kwa nini wenzetu wanaiona adui, na tatu nikiipanda itaenda kuvamia mashamba ya majirani nije kugombana na watu?

MwanaMalisho

Mkuu hili swali ni la msingi sana, niruhusu niandike kwa urefu kidogo maana hii nyasi watu wanaisifia na kuilaani bila kuichimba hata shina moja wakaiangalia.

Chimba shina moja. Utakuta pale chini usawa wa udongo kuna vifundo vimevimba, pale ndipo inapoweka akiba yake ya chakula na macho ya kuchipua. Kwa hiyo juu iliwe na mbuzi, ikatwe, iungue moto au ikauke iwe rangi ya mchanga, mvua ikigusa tu inaanza upya kutoka pale pale, haisubiri mbegu iote. Mizizi yake inaweza kushuka mita 2 na zaidi kama udongo unaruhusu. Inakubali mvua ya milimita 300 mpaka 750 kwa mwaka, yaani Dodoma umo ndani kabisa ya kipimo chake. Isichopenda ni maji yaliyotuama, mbuga yenye udongo mweusi wa kushika usiipeleke, na udongo wenye tindikali kali nao haiupendi. Inataka udongo mwepesi unaopitisha maji wenye fosforasi ya kutosha.

Na kama unataka kuhakikisha ndiyo yenyewe, chukua kishuke kilichokomaa uvute mbegu zote zitoke kibaki kile kijiti cha katikati, pitisha vidole juu yake, utasikia kinakwaruza. Kuna ndugu yake Cenchrus setigerus anafanana naye lakini vibegu vyake ni vifupi, vigumu, na havina yale manyoya marefu laini.

Sasa lishe. Ni nzuri, ila uzuri wake una muda. Ikiwa changa, majani mengi, kabla ya vishuke kujaa, kwenye udongo wenye rutuba protini inaweza kufika asilimia 14 mpaka 16. Ikishachanua inashuka haraka, na ikikauka imesimama inakuwa chini ya 6. Hapo elewa kitu kimoja, vile vijidudu vya kwenye tumbo la ng'ombe vinavyosaga nyasi vinahitaji malisho yenye protini kama asilimia 7 hivi ndio vifanye kazi sawasawa, chini ya hapo ng'ombe anakula kidogo kwa sababu chakula kinakaa tumboni muda mrefu, anajaa tumbo lakini anakonda. Watu wengi wanaopanda hii nyasi wanaiacha ikue mpaka iwe ndefu yenye kupendeza macho, wanaikata Juni imeshakuwa mabua, halafu wanasema ile nyasi haina kitu. Ikate ikianza kutoa vishuke, anika kivulini au geuza geuza isipoteze majani, funga marobota. Hapo utakuwa na kitu cha kumpa ng'ombe Septemba na Oktoba.

Mavuno yanategemea mvua na rutuba, tani 2 mpaka 9 za majani makavu kwa hekta ndio kiwango kinachotajwa, na wewe bila mbolea usijihesabie 9. Tena shamba likizeeka naitrojeni inajifungia kwenye mizizi na mabaki, nyasi inabaki ipo lakini imedumaa, kwa hiyo mapema changanya na mikunde kama Stylosanthes au Clitoria.

Kuhusu uvamizi, yale yale niliyokueleza hapo juu, kuchipua baada ya moto, mbegu nyepesi yenye manyoya inayobebwa na upepo, maji, manyoya ya wanyama na magari, ndiyo yanayoitesa Arizona. Tofauti ni wapi imeenda na imekuta nini. Huku kwetu ni nyasi ya nyumbani, imekua pamoja na wanyama wanaoila kuanzia nyumbu mpaka mchwa, na pamoja na mimea mingine iliyozoea moto.

Na jambo ambalo wengi hawalijui, sehemu ya mbegu zinazosumbua huko zilitoka hapa hapa. Aina inayoitwa Biloela ambayo wafugaji wa jimbo la Queensland, Australia wameipanda sana ilitokana na mbegu zilizochukuliwa Dodoma 1937. Na ile ya Texas ilitoka Turkana, kaskazini mwa Kenya, ikafikishwa Marekani miaka ya 1940.

Mbali_na_Nyumbani

Niko Tucson, Arizona kwa miaka sasa na nimeshajiunga na vikundi vya kujitolea vya kung'oa hii nyasi, kwa hiyo naomba niongezee upande wa huku maana mtu akiwa mbali anaweza kudhani ni uoga wa wazungu tu.

Jangwa la huku la Sonora ukilitazama mimea imeachana, mmoja hapa mwingine kule, katikati ni udongo mtupu na mawe. Ndiyo maana zamani moto ulikuwa hauendi popote, radi inapiga mti mmoja unaungua unaishia hapo. Hii nyasi inakuja inaziba zile nafasi zote. Ikikauka inakuwa kuni zimetandikwa kutoka mmea mpaka mmea, kiberiti kimoja pembeni ya barabara na kilima kizima kinaondoka. Baada ya moto nyasi inachipua kama MwanaMalisho alivyoeleza lakini dungusi kakati wakubwa wa huku wanaoitwa saguaro hawarudi, na hao ni mimea inayokua polepole mno, tawi lake la kwanza linaweza kutoka baada ya miaka 50 au zaidi. Kwa hiyo moto wa mchana mmoja unaondoa kitu ambacho mtoto wa leo hatakiona tena kikiwa kikubwa. Inaniuma sana kusimama kwenye kilima kilichoungua na kukuta kilichobaki kijani ni ile nyasi peke yake.

Watafiti walipima kwenye milima ya Santa Catalina hapa juu ya mji wakakuta eneo lililoshikwa linaongezeka mara mbili kila miaka 2 mpaka 7. Jimbo liliiweka rasmi kwenye orodha ya magugu hatari mwaka 2005.

Kuing'oa ni kazi ya mgongo kwelikweli. Unapiga mtaimbo chini ya shina, unalinyanyua na mizizi yake ya juu, unakung'uta udongo, vishuke unaviweka kwenye mfuko usidondoshe mbegu, na mwaka unaofuata unarudi pale pale kwa sababu mbegu zilizobaki kwenye udongo zinaweza kuota miaka kadhaa mbele. Dawa ya glaifoseti inafanya kazi lakini lazima nyasi iwe kijani, na huku inakuwa kijani kwa wiki chache tu za mvua za majira ya joto, ikishakauka unanyunyizia bure, haipokei.

Wafugaji wa ng'ombe ng'ambo ya mpaka, jimbo la Sonora kule Meksiko, wao walisafisha pori la jangwa wakaipanda kwa makusudi na bado wanaitegemea. Kwa hiyo hata huku hawajakubaliana.

Mbuzi_na_Maziwa

Mimi naona tusiwatishe watu. Ndugu yetu yuko Dodoma, nyasi ni ya Dodoma, anaogopa nini? Tatizo la nyanda zetu ni nyasi kuisha, ardhi imebaki kipara, kila mahali mifugo imepita ni makorongo. Sisi tunahitaji kitu chochote chenye mizizi kishike udongo. Kongwa pale ranchi ya serikali hii nyasi ipo miaka na miaka, ng'ombe wanakula na hakuna pori lililoungua kwa sababu yake. Panda mkuu, tena panda eneo lote.

MwanaMalisho

Mkuu Mbuzi_na_Maziwa nakuunga mkono kwamba kwetu ardhi tupu ni balaa kubwa kuliko hii nyasi, kwa hilo sina ubishi. Ila hapo kwenye "eneo lote" nakukatalia, na sababu yangu siyo uvamizi.

Hii nyasi kwa kawaida inatoa mbegu bila yai kurutubishwa na chavua, yaani mtoto ni nakala ya mama yake. Kwa mkulima ina faida, ukipata aina nzuri haibadiliki, ulichonunua ndicho utakachovuna miaka yote. Lakini maana yake shamba zima ni mmea mmoja uliorudiwa mara milioni. Ile ya Turkana niliyoitaja ilisambazwa Texas kusini na kaskazini mwa Meksiko karibu yote ikiwa ni ukoo mmoja, miaka ya 1990 ukaja ugonjwa wa ukungu wa majani, na kwa kuwa mimea yote ilikuwa na udhaifu ule ule, ugonjwa ulipita malishoni bila kukutana na kizuizi. Sasa mfugaji mwenye ng'ombe wake akiwa ametegemea nyasi moja tu hapo anafanyaje?

Ndiyo maana wenzetu wa Kenya, kule Makueni, Kitui, Kajiado na Baringo wanaporudishia nyasi kwenye ardhi iliyochoka, wanaipanda Cenchrus pamoja na nyasi nyingine za asili, Eragrostis superba, Enteropogon macrostachyus, Chloris roxburghiana. Kila moja ina tabia yake. Enteropogon inaota haraka, ndani ya msimu wa kwanza unaona kitu, Cenchrus inachelewa kuanza lakini ikishashika ndiyo inayobaki mifugo ikizidi. Mimi ningegawa eneo vipande, kingine mchanganyiko, na miti ya asili kama migunga na minyaa ingebaki ilipo, usisafishe kila kitu kama walivyofanya Sonora.

Kwa majirani: haiwezi kuingia kwenye shamba linalolimwa kila mwaka ikalishinda jembe, miche yake ikiwa midogo ni dhaifu, palizi moja inaiondoa. Sehemu ya kuangalia ni kingo za barabara, makorongo, na eneo lolote lililo karibu na hifadhi au pori ambalo halichungwi, kwa sababu pale ikikaa bila kuliwa inarundika majani makavu na huo ndio moto wa Agosti. Acha kinga ya moto ya kutosha mpakani, ilime iwe wazi kabla kiangazi hakijakolea.

Zizi_la_Kati

Aisee nashukuruni sana, nimeanza kuelewa. Sikujua kabisa kama mbegu za kwetu zilibebwa mpaka Queensland.

Maswali mawili ya nyongeza. Kuna mtu ananiuzia mbegu, anasema ni mpya kabisa amevuna Mei hii, naona ni nzuri maana ni mbichi mbichi au? Na pili hapa nyumbani nina punda wa kubeba maji, nao wakae kwenye hilo shamba pamoja na ng'ombe?

Mama_Hei

Mbegu niachieni mimi maana ndiyo kazi yangu.

Kaka usinunue mbegu ya Mei ukitegemea kuipanda mara moja, hii nyasi mbegu yake ikitoka shambani imelala, haioti vizuri mpaka ikae miezi 6 hadi mwaka mahali pakavu penye hewa. Ya Mei ikitunzwa vizuri, kwenye gunia siyo mfuko wa plastiki, mpaka mvua za Desemba itakuwa imeanza kuamka ila ya mwaka juzi ingekuwa bora zaidi. Muulize muuzaji tarehe ya kuvuna na usione haya. Halafu fungua kile kibegu cha manyoya, kisugue katikati ya vidole viwili, ndani lazima uhisi punje ngumu, ukisugua vibegu kumi na vingi ni manyoya matupu basi hapo unauziwa makapi, rudisha.

Kabla ya kupanda jaribu nyumbani, weka mbegu mia kwenye kitambaa chenye unyevu kivulini, angalia wiki mbili zimeota ngapi, ukipata thelathini mpaka arobaini kwa hii nyasi siyo mbaya, ila ujue utaongeza kiasi cha mbegu.

Kupanda sasa. Kiasi ni kama kilo 5 kwa hekta, kilo 2 hivi kwa ekari. Mbegu ni nyepesi mno, upepo kidogo tu inaenda kwa jirani, na ile manyoya inashikana inakuwa mabonge huwezi kuimwaga sawasawa. Changanya na mchanga mkavu au samadi iliyosagika ili iwe na uzito na mkono wako uone inapoangukia. Pita na jembe la ng'ombe uchane mifereji midogo ikikata mteremko, siyo ikishuka nao, maana hiyo mifereji ndiyo itakayoshika maji ya mvua za kwanza. Mwaga mbegu kwenye mfereji na ufunike kidogo sana, sentimita 1 inatosha, mimi naburuza tawi la mgunga juu yake basi. Ukiifukia kina cha mahindi umeizika. Panda kwenye udongo mkavu kabla ya mvua au mara tu mvua ya kwanza ikidondoka, usisubiri Januari kwa sababu miche inahitaji mvua za mfululizo ijenge mzizi kabla ya ule ukame wa Februari ulioutaja mwenyewe.

Msimu wa kwanza usiingize mnyama. Narudia, usiingize mnyama, hata mbuzi mmoja. Mmea ambao bado haujajenga vile vifundo vya chini ukivutwa na ng'ombe unang'oka mzima. Palilia, acha itoe mbegu idondoke yenyewe izibe mapengo, vuna mbegu ukitaka, kata majani mwishoni ukiacha bua la sentimita 10 mpaka 15. Msimu wa pili ndio uanze kuchunga kwa zamu.

MwanaMalisho

Mama_Hei umemaliza, mimi nibaki na punda tu.

Mkuu punda usiwafungie humo kama malisho yao makuu. Cenchrus ina oksaleti, chumvi inayokamatana na kalsiamu tumboni, mnyama anakula kalsiamu lakini inatoka na mavi haimfikii. Ng'ombe na mbuzi wana vile vijidudu vya tumboni ambavyo vikizoea taratibu vinaivunja, kwa hiyo wao mara nyingi hawana shida. Farasi hana ulinzi huo, akiishi kwenye hii nyasi muda mrefu mwili unaanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, mifupa ya uso inavimba, anachechemea, meno yanalegea, Australia wanalijua sana hilo tatizo. Punda ni jamii moja na farasi, kwa hiyo mpeleke kwenye nyasi mchanganyiko za nje, na akila marobota ya Cenchrus siku za dhiki mpatie na majani mengine pamoja na madini yenye kalsiamu na fosforasi.

Hata kwa ng'ombe na kondoo kuna siku za hatari, nazo ni mvua za kwanza baada ya kiangazi kirefu. Nyasi imechipua laini, oksaleti iko juu, mnyama ana njaa ya miezi, ukifungua geti asubuhi akajaza tumbo lote kwa mara moja hasa kondoo anayenyonyesha unaweza kumkuta amelala mchana anatetemeka. Siku hizo wape kwanza majani makavu zizini washibe nusu, ndipo uwatoe kwa saa chache, siku ya pili uongeze, na jiwe la chumvi lenye madini liwe karibu na maji muda wote.